Wifi yangu amerudi Faza na mtoto mgonjwa, na maneno yalikuwa yangu

Assalaam alaykum mama,

Safu hii naisoma miaka mingi, sikudhani iko siku nitaandika mimi.

Naishi Kisauni na mume wangu na watoto wetu wawili, nyumba ya vyumba viwili na sebule. Mume ni fundi wa mafriji, kazi leo ipo kesho haipo. Mimi huamka saa kumi alfajiri kukanda mahamri na kuinjika mbaazi, na jua likichomoza niko barazani nauza. Si matajiri, lakini hatujalala njaa.

Miezi minne iliyopita alikuja wifi yangu, dadake mume wangu, kutoka Faza, kisiwani Pate huko Lamu, na mwanawe wa miaka sita. Taya la mtoto lilikuwa limevimba upande mmoja, meno ya nyuma yameanza kulegea. Lamu walikuwa wamemwandikia barua aje hospitali kubwa huku Mombasa. Alituambia ni wiki mbili. Madaktari wakatoa kinyama wakapima, wakasema ni saratani ya tezi, wanaiita Burkitt, na kwamba inatibika kwa dawa za dripu na sindano za mgongoni, ila ni za kurudiarudia. Ndiyo wiki mbili ikawa mwezi wa nne.

Nataka unielewe, hatukugombana hata mara moja. Wifi yangu ni mpole mpaka unakereka. Nikigeuka vyombo vimeoshwa. Nikimuuliza kama ameshiba, ameshiba. Babake mtoto ni mvuvi, hutuma anachokipata, na kwao wifi ameacha watoto wengine wawili na bibi yao. Lakini nyumba imejaa, mama. Wao wako chumba cha watoto, wangu wanalala mkekani sebuleni, na mkubwa yuko gredi ya sita, ana mtihani mwaka huu. Tokeni ya stima ya mia tano iliyokuwa ikinifikisha wiki mbili sasa haimalizi siku nane. Mitungi ya maji imekuwa maradufu kwa sababu mtoto akitoka kwenye dripu hutapika, mashuka ni ya kufuliwa kila siku. Usiku wa homa ni tuktuk ya kukodi, na dereva akijua unakwenda hospitali hapunguzi.

Nikimwambia mume wangu, jibu lake ni moja: "Huyu ni dadangu, nitamwambia nini?" Kisha anavaa kandambili anakwenda barazani kwa wenzake, anarudi tumeshalala.

Wiki tatu zilizopita tokeni iliisha usiku, unga nimeshaukanda, sina hata mia. Nikamwambia mume wangu jikoni, kwa sauti niliyodhani ni ya chini: "Kwani mtoto huyu atapona lini? Si taya limeshanywea? Si bora wakakae kwao, waje siku za kliniki tu?" Kuta za nyumba yetu hazifiki darini.

Asubuhi wifi alipika uji, akafagia chumba, akakunja mashuka. Akasema, "Wifi, naona nikapumzike nyumbani kidogo, mtoto hajambo sasa. Siku ya kliniki tutakuja." Mtoto akaniaga, "Kwaheri mkaza mjomba," amekumbatia kikombe chake cha kijani. Hicho kikombe nacho kina habari yake. Nesi alisema kinga ya mtoto iko chini, tujihadhari na vijidudu, nami nikamtengea kikombe na sahani yake. Siku ile ya kwanza mama yake alikichukua mkononi, akakirudisha rafuni.

Walipoondoka nikakuta mia sita zimekunjwa chini ya kopo la sukari.

Kliniki ilikuwa Jumatatu hii. Hawakuja. Nikipiga simu naambiwa bahari chafu, mtoto anacheza, watakuja wiki ijayo. Jirani yangu anasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi nimevumilia miezi minne, sina deni. Lakini silali. Je, nimekosa? Nimwite arudi? Na akirudi nitaishi vipi, maana mungu ananiona, bado nimechoka.

Mkaza mjomba, Kisauni

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Ya kosa na yasiyo kosa tutayafikia. Kwanza mtoto, kwa sababu wiki ijayo ni mbali.

Uvimbe huu unaitwa kwa jina la daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, aliyeuandika mwaka 1958 baada ya kuwaona watoto wengi wa Uganda wenye mataya kama hayo ya mpwa wenu. Ni katika saratani zinazokua upesi kuliko zote za binadamu, na ndiyo maana dawa nazo huishika upesi. Mtoto anaingia wodini uso umepinda, baada ya siku chache za dripu ya kwanza taya limeshuka, anaomba mkate. Hapo ndipo wazazi wengi wanapofunga virago. Nani atabaki na jicho lake linaona mtoto amepona? Lakini taya kunywea si kupona. Zile chembe zilizobaki hazionekani kwa macho, na zikiachwa bila dawa zinarudi, na zikirudi, mara nyingi dawa zile za mwanzo haziziwezi tena. Ulipouliza "si taya limeshanywea" hukusema kwa ubaya, ulisema asichokijua hata mama yake.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujamaliza kusoma kama unaweza, piga simu wodini au kliniki, namba huwa imeandikwa kwenye kadi au karatasi ya kuruhusiwa. Kama kadi iko Faza, nenda mwenyewe. Sema mtoto fulani amekosa Jumatatu, aje lini? Watakwambia aje, na hawatakugombeza kama unavyohofia, wameshazoea. Halafu mwambie wifi yako jambo moja la usiku: themomita ikisoma nyuzi 38 au zaidi asingoje boti wala basi la Mombasa. Aende hospitali ya pale pale Faza, au King Fahd Lamu, kadi mkononi, na mlangoni aseme mtoto huyu yuko kwenye dawa za saratani. Panadol asimpe kwanza, inaficha homa, na homa ya mtoto asiye na kinga ni ya kukimbizwa saa hiyo hiyo.

Sasa twende kwako.

Umeniuliza kama umekosa. Maneno yale yalikuwa makali na mwenye kuyasikia alikuwa mama aliyelala nyumba ya watu na mtoto kifuani, basi ndiyo, umekosa, sentensi tatu. Miezi minne ya kuamka saa kumi haifutwi na sentensi tatu. Ninayemwona ana hesabu kubwa zaidi ni mumeo. "Huyu ni dadangu, nitamwambia nini" ni maneno ya mtu mkarimu kwa mikono ya mwingine. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yeye anakwenda barazani na kanda lake la usufi, wewe unafua mashuka.

Na jirani yako mwambie jembe si la kumfukuzia mgeni. Nitakusimulia langu. Miaka ya themanini binti yangu alipelekwa Nairobi kwa ajili ya moyo. Tulipanda treni ya usiku, tukafikia Pangani kwa mke wa binamu yangu ambaye nilikuwa nimemwona mara moja tu, harusini. Miezi miwili. Nilijifunza kufungua bomba uzi mwembamba ili maji yasisikike. Nilijifunza milango ipi inalia. Nilisema situmii sukari kwenye chai, na mimi ni mtu wa vijiko vitatu. Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Kila sauti jikoni nilidhani wananizungumza, na siku nyingine kweli walikuwa wananizungumza. Mpaka Alhamisi moja yule mama akanitupia kanga na mfuko wa choroko akasema, "Mimi leo naenda sokoni, chakula cha mchana ni chako, na usinitilie chumvi nyingi kama watu wa pwani." Nililia nikipika. Siku ile nilikunywa chai na sukari.

Wifi yako alikuwa anaosha vyombo kwa woga. Akirudi, mpe jembe: kazi yenye jina. Siku mtoto anapokuwa mzima akusukumie na kukukaangia, na mahamri ya ziada mliyouza yawe nauli yake ya kliniki, mezani, mbele ya watu. Au aketi yeye barazani wewe ulale mpaka saa moja, lini mara ya mwisho ulilala mpaka saa moja? Mtu akiwa na sehemu yake ya kazi hafichi pesa chini ya kopo.

Zile mia sita usimrudishie kwa M-Pesa. Utamkata tena pale pale. Nunua themomita ya kidijitali kwa duka la dawa, chenji itabaki, na akija umuonyeshe ilikotoka.

Kwenye simu usimwambie "sikumaanisha". Ulimaanisha, na yeye anajua, ndiyo maana amekwenda. Mwambie ulichoniambia mimi: nilichoka, tokeni iliisha, nikasema maneno ambayo hukustahili kuyasikia, rudi. Kisha nyamaza umsikie. Una habari kwamba ameacha wawili nyumbani, uliandika kwa mstari mmoja ukapita. Inawezekana nusu ya safari ile haikuwa maneno yako hata kidogo. Inawezekana mdogo wake aliacha kula, au bibi anaumwa magoti. Muulize. Kama ndivyo, bibi naye anahitaji mtu, na hilo si la kuzungumzwa na wewe bali na ndugu wa huko.

Kitu kimoja katika barua yako kimenikaa kooni. Umenihesabia siku za tokeni, mitungi, miezi. Hukuniambia zimebaki dripu ngapi. Nadhani hujui, na nadhani wifi yako alikuwa anaona haya kuuliza daktari mara ya pili. Tiba ya Burkitt si ya maisha. Ina ratiba, duru baada ya duru, na duru ya mwisho ina tarehe. Siku mtakayompeleka, nenda naye mpaka ndani, na muombe daktari au nesi akuandikieni kwenye karatasi: zimebaki ngapi, kila moja lini, siku zipi ni lazima mtoto awe karibu na hospitali, na zipi anaweza kurudi Faza. Siku za hatari mara nyingi ni zile kati ya wiki moja na mbili baada ya dripu, chembe nyeupe za damu zinaposhuka chini kabisa. Huenda mkaruhusiwa kupima damu Lamu katikati, huenda mkakatazwa, lakini mtajua. Hiyo karatasi ibandike jikoni, juu ya ndoo ya unga. Nimeona watu wakibeba mzigo mzito kwa miezi sita bila neno kwa sababu walijua ni sita. Usiojua mwisho wake hata wiki haubebeki.

Kisha mwite mumeo, karatasi ikiwa mkononi. Yeye ndiye apige simu kwa ndugu zake wote, walioko Lamu, Malindi, kokote, na si kuwaambia "tuombeeni". Kila mmoja achukue kitu kinachoitwa kwa jina: huyu tokeni ya kila wiki, huyu nauli ya boti na basi, huyu maziwa, na huyo asiye na pesa aje akeshe wodini siku mbili. Nasikia watu wakishauri mtoto azungushwe, wiki hii Kisauni, wiki ijayo Likoni kwa ami yake. Sikubaliani. Mtoto asiye na kinga hahamishwihamishwi, na sitaki kumfikiria ana homa saa nane za usiku anangoja feri. Mtoto abaki nyumba moja, watu ndio wazunguke.

Mumeo aende pia msikitini kwenu, aseme wazi. Zaka ina watu wa aina nane waliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, na mmoja wao ni ibn sabil, msafiri aliyekatikiwa njiani, hata kama kwao ana nyumba na mashua. Dada yake si ombaomba kwa kuipokea. Na hospitalini kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Wengi huifikia bili ikishawashinda, ilhali ilifaa waingie wiki ya kwanza. Huko ndiko huulizwa kuhusu msamaha wa bili, na wao ndio wanaojua kama kuna mfadhili wa nauli au mahali pa kulala.

Bima nayo iangalieni kabla ya duru ijayo. Tangu Oktoba 2024 SHA, bima ya afya ya serikali, ndiyo iliyoshika mahali pa NHIF ya zamani. Kwa asiye na mshahara mchango hukadiriwa kwa hali ya kaya, wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja, jambo ambalo kwa mvuvi si dogo. Hakikisheni mtoto ameandikishwa chini ya mzazi wake. Lakini msitegemee ilipe boti, basi wala mashuka. Hizo ndizo gharama zinazowatoa watoto kwenye tiba, wala hazionekani kwenye risiti ya hospitali. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Dawa ni sehemu ya tofauti hiyo. Kuchelewa kugunduliwa ni sehemu. Na sehemu nyingine ni mtoto aliyeanza vizuri akaachia njiani, kama huyu wenu anavyotaka kuachia.

Jambo hili halikuanzia Kisauni, usijione umelaaniwa. Huko Philadelphia, Marekani, mchezaji wa mpira wao, Fred Hill, na mkewe walikuwa wakilala kwenye viti vya hospitali binti yao Kim akitibiwa saratani ya damu. Wakawaona wazazi wengine waliotoka mbali wanakula kwenye mashine za vitafunio. Daktari wa watoto hao, Audrey Evans, alikuwa akitaka nyumba jirani na hospitali ya kuwalaza wazazi, na mwaka 1974 ikafunguliwa. Leo nyumba za namna hiyo ziko nchi nyingi. Karibu yetu zaidi, Dar es Salaam, shirika la Tumaini la Maisha lina hosteli kwa watoto wa saratani wanaotibiwa Muhimbili na wazazi wao. Mombasa kwa familia nyingi za Lamu na Tana nyumba hiyo bado ni sebule ya ndugu, yaani yako. Ningependa wakubwa wetu walisikie hilo wanapojenga wodi mpya: kitanda cha mtoto wamekiweka, cha mama yake je?

Machache ya nyumbani, kwa haraka. Saratani haiambukizi, watoto wako wacheze naye, ila mwenye mafua akae mbali, na tetekuwanga au surua ikiingia mtaani pigeni simu kliniki hata kama mtoto hana dalili. Chakula kiwe cha moto, kilichopikwa siku hiyo. Matapishi, mkojo na mashuka ya siku mbili baada ya dripu yashikwe kwa glavu, yafuliwe peke yake, si kwa kinyaa bali kwa sababu dawa inatoka nayo. Mwanao wa gredi ya sita mtafutieni kwa jirani yule mwenye methali meza ya kusomea jioni, atajisikia naye amesaidia.

Nauli ya kumrudisha aitume mumeo leo. Boti za Faza huondoka kwa saa za maji, si kwa saa za ukutani, kwa hiyo aulize maji yanajaa lini kesho na apange basi la kutoka Mokowe, upande wa bara, baada ya hapo.

Na kikombe cha kijani, mweleze ulikitengea nini. Hakikuwa na haja, sabuni na maji ya moto vinatosha, kirudi rafuni na vyenu. Isipokuwa mtoto mwenyewe awe anakipenda, maana uliniambia aliondoka amekikumbatia.